Ombi la Kusajili Kibanda Umiza

Kwa Wakuu wa Elimu,
Dodoma.

Yah: KUSAJILIWA KWA KIBANDA UMIZA KUWA KITUO CHA MASOMO YA ZIADA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Mbagala, nauza samaki Feri. Mwanangu yuko kidato cha pili, shule ya kata. Shuleni akikutwa na simu anafukuzwa, na jioni maswali ya jiografia yanatumwa kwenye grupu la WhatsApp. Simu tuliyonayo ni moja, yangu. Inafika nyumbani saa mbili usiku ikiwa na chaji asilimia tisa na magamba ya kibua kwenye kioo. Bando tunajaliwa siku samaki wakitoka.

Mdogo wangu anafanya kazi za ndani Masaki. Mtoto wa bosi wake, rika moja na wangu, akishinda kwenye tableti anaambiwa anafanya utafiti. Wangu akiishika simu dakika kumi, majirani wananiita pembeni: mama, huyu mtoto unampoteza.

Yule wa Masaki katuni za Kiingereza kazianza kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Wangu kasoma miaka saba kwa Kiswahili, kama mlivyopanga, kisha kidato cha kwanza mkamgeuzia lugha, hata baiolojia. Kiingereza angekisikia wapi? Filamu zake ni za kibanda umiza cha mtaani, shilingi mia tano, Wachina wanarushiana mateke na mtafsiri anapaza sauti kwamba jamaa analipiza kisasi cha mjomba. Kichina chenyewe mtafsiri hakijui, lakini hadithi inanoga, nami nimewahi kusimama mlangoni na beseni kichwani mpaka mwisho.

Msidhani tunapuuza maelekezo. Mwaka 2020 shule zilipofungwa, akiwa darasa la nne, mlitangaza vipindi vya runingani na redioni. Tulivifuata mpaka Luku ikakata.

Kwa hiyo naomba kibanda kisajiliwe. Kina mabenchi manne, feni moja inayozunguka ikipigwa kofi, na mahudhurio ambayo mwalimu mkuu yeyote angeyaonea wivu. Mkaguzi akija atapewa benchi la mbele bure. Ila siku ya Simba na Yanga, mwenye kibanda amesema, atalipa kama wengine.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama Mzazi, Mbagala