Theluji Iliyochelewa na Ushahidi wa Wazee wa Boston

Katika mji wa Boston, ulio kwenye pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani, majira ya baridi yana tarehe tatu za kumalizika, na theluji haijapata kuiheshimu hata moja. Wataalamu wa hali ya hewa huyafunga siku ya mwisho ya Februari, kwa sababu kwao majira hayo ni miezi mitatu kamili, Desemba, Januari na Februari, mgawanyo unaorahisisha hesabu za wastani. Wanafalaki huyafunga mnamo tarehe 20 Machi, mchana unapokaribia kulingana na usiku. Na mkazi wa kawaida, asiye na darubini wala jedwali, huyafunga Jumapili ya kwanza yenye jua la kutosha kuanika makoti mazito kabla ya kuyarudisha kabatini. Ipo pia kalenda ya nne, ya makarani wa takwimu, ambayo huhesabu msimu wa theluji kuanzia tarehe 1 Julai hadi tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata, hivi kwamba theluji ya Aprili, ingawa imeanguka maua yakiwa yamekwisha kuchomoza, huandikwa kwenye deni la baridi iliyopita. Kati ya kalenda hizo zote, ya mkazi ndiyo pekee inayomdhuru mwenyewe, na kwa hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa.

Mfano usiokosekana katika mazungumzo ya jambo hili ni wa mwaka 1997. Pasaka ya mwaka huo iliangukia tarehe 30 Machi, na joto la mjini likapita nyuzi 15 za Selsiasi, kiwango ambacho kingemfanya mtu wa Lushoto au Limuru atafute sweta, lakini ambacho humtoa mtu wa Boston nje akiwa amevaa kaptura. Kesho yake mvua ilianza, jioni ikageuka theluji, na dhoruba ilipopita tarehe 1 Aprili uwanja wa ndege wa Logan ulikuwa umepokea inchi 25.4, yaani sentimita 64 na ushei, karibu nusu ya theluji yote ya msimu ule. Huko Worcester, mji ulio bara upande wa magharibi, zilianguka inchi 33. Dhoruba za namna hii huzalishwa na eneo la mgandamizo mdogo wa hewa linalojizungusha baharini karibu na pwani na kuvuta unyevu wa Atlantiki kwa upepo wa kaskazini-mashariki, na usiku ule theluji ilishuka kwa kasi ya hadi inchi tatu kwa saa huku radi zikipiga, jambo ambalo hata wenyeji hulihesabu kuwa ni utovu wa adabu. Tarehe yenyewe iliongeza ugumu, kwa kuwa 1 Aprili ni Siku ya Wajinga, ambayo watu hudanganyana kwa mzaha, na mtu anayempigia simu msimamizi wake asubuhi ya siku hiyo kumweleza kwamba mlango wa nyumba yake haufunguki kwa sababu ya theluji hana budi kutafuta shahidi.

Ajali ndogondogo za theluji iliyochelewa zina chanzo kimoja, nacho ni kupanga vitu kwa matumaini. Theluji ya Januari humkuta mkazi ana koleo mlangoni, gunia la chumvi ya kuyeyushia barafu kwenye ngazi, na buti zimepangwa tayari. Theluji ya Aprili hukuta koleo limefichwa nyuma ya baiskeli ambazo amekwisha kuzijaza upepo, chumvi imebaki kiasi cha kuungia mchuzi, na mashine ya kurushia theluji imemwagwa petroli yote, kwa kufuata kijitabu cha maelekezo kwa utiifu ambao mwenye mashine hajapata kukionyesha kijitabu kingine chochote. Hapo huzaliwa zana za dharura, na watu wazima wenye shahada zao huonekana wakichota theluji kwa sinia la kuokea, kwa kifuniko cha pipa la taka, au kwa koleo la plastiki la mtoto la kuchezea mchanga. Aliyekwisha kuvua matairi ya baridi, yaani matairi ya mpira laini yaliyotengenezwa kushika barabara yenye barafu, hugundua kwamba gari lake limebakiwa na uwezo wa kuelekea upande mmoja tu, nao ni upande wa mtaro. Kisha kuna janga la kufukua gari la mwenzio: theluji ya futi mbili huyapa magari yote ya mtaa umbo moja na rangi moja, na si ajabu mtu kufukua kwa saa nzima, kwa bidii na kwa kuhema, kabla ya kubonyeza ufunguo na kulisikia gari lake likiitika mbele ya nyumba ya tatu. Mwenye gari lililofukuliwa, ambaye muda wote alikuwa dirishani na kikombe cha kahawa, kwa kawaida hutoka wakati huo kutoa shukrani.

Kazi yenyewe ya kufukua ni fizikia inayosomeshwa kupitia mgongo. Theluji kavu ya katikati ya baridi ni nyepesi, kiasi kwamba inchi 10 au zaidi zikiyeyushwa hutoa inchi moja ya maji, lakini ile ya Aprili, ambayo huanguka hewa ikiwa karibu na nyuzi sifuri, hushiba maji, na huweza kutoa inchi moja ya maji kwa inchi tano tu za theluji. Penye njia ya gari yenye urefu wa mita sita na upana wa mita tatu, sentimita 30 za theluji kama hiyo zina uzito unaozidi tani moja, na tani hiyo huhamishwa na mtu ambaye mazoezi yake ya mwisho yalikuwa ni kuyarudisha makoti kabatini. Madaktari huonya kila mwaka, na si kwa mzaha, kwamba kuchota theluji nzito kunaweza kuleta mshtuko wa moyo, hasa kwa watu wenye umri mkubwa wasiozoea kazi ngumu. Onyo hilo hupokewa kwa heshima kubwa, na kila anayelisikia huamini kwamba linamhusu jirani. Njia inapokwisha kuwa safi, hupita gari la kusukuma theluji, ambalo wajibu wake ni kusafisha barabara, nalo huisafisha kwa kuiacha theluji yote ya barabarani kwenye mdomo wa njia ile ile, ikiwa sasa imeshindiliwa na kuchanganyika na mchanga, ngumu kuliko ya kwanza.

Katika mitaa isiyo na maegesho ya binafsi hufuata suala la kiti. Mtu aliyefukua nafasi ya gari lake barabarani huweka kitu cha kuilinda anapoondoka, kiwe kiti cha kukunja, pipa au ubao wa kupigia pasi, na serikali ya jiji huivumilia desturi hiyo kwa saa 48 baada ya kuondolewa kwa tangazo la dharura ya theluji, isipokuwa katika mtaa wa South End, ambao ulijitoa mwaka 2015. Dhoruba ya Aprili ina fadhila yake hapa, kwani kiti cha bustani kimekwisha kutolewa nje tangu Pasaka.

Fadhila nyingine ni kwamba theluji hiyo haidumu. Jua la mwanzo wa Aprili hufika angani kimo kile kile linachofika mapema mwezi Septemba, na hata hewa ikiwa baridi, miale yake huifanya lami ipate joto na kuiyeyusha theluji kutoka chini. Ndiyo maana tarehe 21 Aprili 1997, siku 20 baada ya dhoruba, mbio za marathoni za Boston zilikimbiwa kama kawaida na Mkenya Lameck Aguta akazishinda. Si kila Aprili humstahi mgeni kiasi hicho: mwaka 2018 mbio hizo zilifanyika katika mvua ya baridi kali na upepo wa usoni, na Geoffrey Kirui wa Kenya, aliyekuwa bingwa mtetezi, aliongoza hadi maili za mwisho akapitwa na Yuki Kawauchi wa Japani, mtu ambaye tarehe 1 Januari ya mwaka huo huo alikuwa amekimbia marathoni nyingine huko Marshfield, katika jimbo lile lile, kwenye baridi ya nyuzi 17 chini ya sifuri, akawa mshindani pekee aliyefika mwisho. Inafaa kuulizwa kama ni haki mtu aliyejifunzia mbio Bonde la Ufa ashindanishwe na mtu anayeifuata baridi kwa hiari yake.

Ugumu wa kulinganisha baridi za miaka mbalimbali huanzia kwenye kipimo. Theluji rasmi ya Boston hupimwa kwa rula juu ya ubao mweupe, kwa sehemu za kumi za inchi, na ubao hufagiliwa si zaidi ya mara moja kila saa sita, kwa sababu theluji hujishindilia kwa uzito wake, na anayefagia kila saa hupata jumla kubwa kuliko haki yake. Uwanja wa Logan, ambako takwimu hizo zimekuwa zikichukuliwa tangu katikati ya miaka ya 1930, umezungukwa na maji sehemu kubwa, na mara nyingi hupata mvua wakati vilima vya bara vinazikwa. Kwa hiyo mkazi wa vitongoji huiona tarakimu rasmi kama tusi. Yeye hupima kwa njia yake, pale upepo ulipoirundika theluji dhidi ya mlango wake, na hutangaza futi tano bila kigugumizi.

Juu ya kipimo huja kumbukumbu, na katika kumbukumbu kuna vyeo. Cheo cha juu kabisa hushikwa na wazee wa Februari 1978, dhoruba ya inchi 27.1 iliyoyakwamisha magari zaidi ya 3,000 kwenye barabara kuu ya 128, ingawa kama wote wanaodai kukwama pale wangekuwa wamekwama kweli, barabara hiyo ingelazimika kufika Kanada. Katika mji wa Lowell, kaskazini mwa Boston, wanakoishi Wakenya wengi, daraja hupangwa kwa mwaka wa kuwasili, na mzee aliyekuwapo mwaka 1997 humkatiza kijana aliyefika baadaye kwa maneno yale yale, “Nyinyi hamjaona theluji,” ambayo ndugu zake waliobaki nyumbani huwaambia vijana wao kuhusu mvua za El Niño, zilizoanza Oktoba ya mwaka huo huo na kubomoa madaraja ya Kenya na Tanzania. Si rahisi kumjibu mzee wa namna hiyo, kwani anayetaja mafuriko huambiwa kwamba maji hayafukuliwi.

Takwimu, hata hivyo, hazimpi mzee haki yote. Misimu mitatu yenye theluji nyingi kuliko yote katika kumbukumbu za Boston ni ya 2014–15, yenye inchi 110.6, ya 1995–96, yenye inchi 107.6, na ya 1993–94, yenye inchi 96.3, na hakuna hata mmoja uliotangulia mwaka 1990. Ule wa kwanza ulijaa visa. Februari 2015 peke yake ilileta inchi 64.8, treni za mji zilisimama, na meya Marty Walsh alilazimika kuwaomba wananchi hadharani waache kujirusha kutoka madirishani kwenye marundo ya theluji. Lakini ilipofika tarehe 15 Machi, na rekodi ikawa haijavunjwa kwa upungufu wa inchi mbili hivi, watu ambao kwa wiki saba walikuwa wakiilaani theluji walianza kuitamani, kwa hoja isiyo ya kipuuzi kwamba mateso ya nafasi ya pili hayana simulizi. Theluji ilianguka, rekodi ikavunjika, na rundo la mwisho kati ya yale yaliyokusanywa na jiji, lililoanza na kimo cha futi 75 hivi, likayeyuka tarehe 14 Julai, likiwa limekwisha kuingia katika msimu mpya wa kikarani, ambao kwa vitabu ulikuwa bado haujapata hata tone la theluji.

Upande wa pili wa orodha una mchanganyiko kama huo: msimu haba kuliko yote ni wa 1936–37, wenye inchi 9.0, ukifuatwa na wa 2011–12 wenye inchi 9.3 na wa 2023–24 wenye inchi 9.8. Wanasayansi hawaoni mgongano hapo. Baridi za eneo hilo zimekuwa zikipungua makali, na siku nyingi ambazo zamani zingeleta theluji sasa huleta mvua. Lakini kila hewa inapoongezeka joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia saba, na dhoruba inayokuta baridi ya kutosha huwa na shehena kubwa zaidi ya kumwaga. Baridi fupi na dhoruba nene vinaweza kukaa nyumba moja.

Ushahidi ulionyooka kuliko wote, kwa hiyo, ni wa kijana aliyehamia Boston katikati ya mwaka 2022. Msimu wake wa kwanza ulileta inchi 12.4 na wa pili inchi 9.8, jumla inchi 22.2 kwa miaka miwili, pungufu ya kile kilichoanguka kati ya Jumatatu na Jumanne ya wiki moja ya mwaka 1997. Kijana huyo hana koleo, haoni sababu ya kununua, na husema kwa adabu zote kwamba wazee wanatia chumvi. Mzee naye humtolea picha ya gari lake la 1997, ambayo ni karatasi nyeupe tupu kutoka ukingo hadi ukingo, na humwonyesha kwa kidole mahali lilipo gari.