Utangulizi wa Elimu ya Vipele vya Faragha

Wataalamu wa virusi huvipanga kwa koo na jamii zake. Mfumo mzuri, ila una kasoro moja: mgonjwa haingii nao kwa daktari. Yeye huingia na kisingizio. Kwa hiyo napendekeza vipele vipangwe kwa kufuata kinachosingiziwa.

Kundi la kwanza ni Vilivyosingiziwa Wembe. Humu yumo moluskamu kontajiosamu, ndugu wa ndui: vipele vya mviringo, laini, vya milimita 2 hadi 5, vinavyong'aa, na kila kimoja kina kitovu katikati. Kitovu ndicho kitambulisho. Kipele cha wembe hakina, aghalabu kina unywele ndani. Hata hivyo wembe hauna usafi wa kujivunia, maana ukinyoa juu ya vipele hivi unavitawanya. Mara nyingi huisha vyenyewe ndani ya miezi 6 hadi 12. (Watoto huvipata kwa kucheza au kuchangia taulo, kwa hiyo familia isiitishe kikao.)

Kundi la pili, Vilivyosingiziwa Malaria, lina fasihi tajiri. "Homa imemtokea mdomoni," husemwa, na mwanazuoni hana budi kukiri kuwa nusu ya kauli ni kweli: homa huamsha herpesi. Lakini haikuileta. Ilikuwa imelala kwenye mishipa ya fahamu, pengine tangu utotoni. Ngozi huanza kuchonyota, yakafuata malengelenge madogo yaliyosongamana, kisha vidonda vyenye maumivu. Yakitokea chini ya kiuno, malaria haitajwi tena. Lawama humwangukia nairobi flai, mdudu ambaye kweli huunguza ngozi, lakini hana desturi ya kurudi mahali palepale kila baada ya miezi michache.

Masundosundo hayasingiziwi kitu. Hayaumi, basi huitwa "kinyama tu". Mengi huletwa na kirusi cha HPV aina ya 6 na 11, ilhali saratani ya shingo ya kizazi hutokana zaidi na aina ya 16 na 18.

Kundi la mwisho, Vilivyosingiziwa Tetekuwanga, ni mpox. Kanuni ilikuwa rahisi: vya tetekuwanga hutoka kwa awamu, vya mpox hukua pamoja, na mitoki huvimba. Kisha mwaka 2023, katika mji wa machimbo wa Kamituga, Kivu Kusini, likaonekana tawi la Ib la kirusi cha mpox likienea kwa kujamiiana, na baadhi ya wagonjwa wakawa na vipele sehemu za siri tu. Kanuni ikayumba.

Linabaki swali ambalo wanandoa huliona ndilo la msingi: nani kaleta? Moluskamu huweza kujificha hadi miezi 6, masundosundo miezi mingi, herpesi miaka. Mahakama ya chumbani inayodai tarehe haitapata shahidi.

Kiambatisho: vijipele vilivyojipanga safu kuzunguka kichwa cha uume. Havina kirusi, haviambukizi, ni maumbile. Wenyewe hufika kliniki wamekonda kwa hofu, wengine wameshavichoma kwa dawa ya masundosundo.