Kigoma Haimo

Ratiba imeshaiva: Serengeti siku mbili, Kilimanjaro sita, Zanzibar mbili. Utamaduni nao umepewa saa moja ya kungoja ndege, kwenye duka la vinyago. Kigoma haimo. Iko mbali, wanasema. Mbali na nani? Reli ilifika pale 1914, na hata kabla ya reli Stanley alitoka pwani kwa miguu, akamkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871. Wakala wa safari hakuwa naye.

Wanyama? Gombe wapo sokwe, walewale ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960. Mlima? Kilele cha Nkungwe kule Mahale kinapita mita 2,400, na hifadhi ile haina barabara. Gari lako la paa la kufunguka litabaki nyuma likikodolewa macho na kuku. Ufukwe? Ziwa Tanganyika lina mchanga, maji baridi na kina kinachopita mita 1,400. Papa hakuna. Habari za mamba, waulize wenyeji kabla hujavua shati. Utamaduni je? Ujiji ilikuwa kituo cha misafara ya pembe na watumwa iliyoishia Bagamoyo, kwa hiyo usitegemee kupigiwa ngoma wakati wa chakula cha jioni.

Nanyi wa Dar msicheke. Kigoma mnaijua kwa dagaa na mawese, tena vya kuagiza.

Boti za abiria za kwenda Gombe zinaondokea Kibirizi. Beba nauli taslimu.