Sigi ya Pointi Tano

Mvua ya Usambara haina haraka na mtu. Ndiyo maana tulikwama Sigi, basi la kupanda Amani limegoma kwa utelezi, na watu wazima wenye familia zetu tukakaa kibarazani kwa mama wa chai tukishindana kutafuta maneno marefu ya Kiingereza.

Chanzo ni mpwa wangu wa kidato cha tatu, anayetembea na mfuko wa visoda vilivyoandikwa herufi kwa maka peni. Ni Scrabble ya kujitengenezea. Ile ya dukani, aliyoibuni Mmarekani Alfred Butts, msanifu majengo aliyekosa kazi miaka ya 1930, ina vipande 100. Yake imepungua, maana wadogo zake wameshavigeuza vingine magurudumu ya magari yao ya maboksi.

"Neno refu lenye herufi zote za Sigi," akatangaza. "Atakayeshindwa analipa chai na maandazi ya wote."

Mwalimu mmoja mstaafu hakungoja. Alikohoa, akatoa floccinaucinihilipilification, herufi 29. Mama wa chai, aliyedaka kipande cha katikati tu, akauliza hiyo pilipili iwekwe kwenye nini. Tukahesabu visodani: I ziko tisa, lakini S hakuna, G hakuna. Maana yake ni kukihesabu kitu kuwa si chochote, nasi tukalihesabu hivyohivyo.

Mpwa wangu akaja na sigillography, elimu ya mihuri, Sigi nzima ikiwa imekaa mbele kabisa. Mwalimu akadai kamusi. Bahati nzuri mama wa chai anayo, aliiacha mwanawe alipomaliza shule. Bahati mbaya, kutoka R inarukia T. S ndiyo herufi nene kuliko zote katika kamusi ya Kiingereza, na mama alikuwa ameshaifungia karanga yote.

"Kwani ninyi mlikuwa mnaihitaji?" akauliza, kwa mshangao wa kweli.

Hapo mzee wa Kibondei aliyekuwa kimya akatuambia tunapoteza muda, mto huu ni Zigi. Ana hoja. Wajerumani walipojenga stesheni hapa, mwisho wa reli nyembamba ya kusombea magogo iliyotokea Tengeni, waliandika Sigi, na S yao mbele ya irabu hutamkwa Z. Mpaka leo mto huohuo, unaojaza bwawa la Mabayani na kunywesha Tanga mjini, una majina mawili. Kwa hesabu ya Scrabble tofauti si ndogo: Sigi ni pointi 5, Zigi ni 14. Ila majina ya mahali hayaruhusiwi, kwa hiyo zote mbili ni sifuri.

"Zigzagging!" akadakia konda, miguu imejaa tope hadi magotini. "Z, I, G, na I nyingine hiyo ndani."

Mwalimu akapinga, neno halina S.

"Shikamoo mwalimu. Barabara ya kwenda Amani unaijua?"

Mwalimu akaitikia marahaba, akanyamaza. Konda akapewa ushindi, na mimi niliyekaa bila kutoa hata neno ndiye niliyelipa chai na maandazi, pamoja na ya dereva aliyekuwa amelala muda wote.

Sasa ombi. Kama ulinunua karanga Sigi siku za karibuni, tafadhali kunjua karatasi kabla hujaitupa. Tunautafuta ukurasa wenye sig-. Mpwa wangu bado anadai pointi zake.