Twegerane ya Angani

Huku kwetu Nzahaha, Rwanda, basi dogo la abiria huitwa twegerane. Ni neno la Kinyarwanda, maana yake tusogeleane, na jina halidanganyi: kiti cha watu watatu hukaliwa na wanne, na wa tano hupakatishwa mtoto asiyemjua. Nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililotuponza. Baba watoto aliamini kwamba ndege ndogo nayo ni twegerane, ila ya angani. Mkisogeleana vya kutosha, nauli itashuka mpaka mtu wa kawaida aiweze.

Chanzo kilikuwa magoti ya mama mkwe. Julai milimani kwetu mchana ni vumbi na usiku ni baridi, naye hulala na sweta, soksi, na kitenge kichwani. Muuguzi alimwambia magoti yale yanataka joto. Mama mkwe akajibu palepale, "Kama ni joto, nipelekeni kwa mdogo wangu Bugarama." Hakuna aliyemsikia. Bugarama ni hapo chini tu, bonde la mpunga, pa chini kuliko pote Rwanda, kama mita 950 juu ya usawa wa bahari. Lakini mume wangu hushuka huko kila siku, maana ni karani wa mizani katika ushirika wa mpunga, na mwanamume hawezi kupeleka familia likizo mahali anapogombana na wakulima juu ya unyevu wa magunia.

Zamani tungekwenda Bujumbura. Mpaka ulipokuwa wazi, mtu alivuka mto Ruhwa asubuhi na mchana miguu yake imo katika maji ya Ziwa Tanganyika, mbele yake sahani ya samaki aina ya mikeke, ya kuchoma. Tangu Januari 2024 Burundi imefunga mipaka ya nchi kavu kati yake na sisi, hivyo joto likabidi litafutwe mbali. Wifi yangu, muuza vitenge ambaye huhitaji soko zima kumnyamazisha, akakumbuka kwamba tuna binamu aliyeolewa Unguja. Neno Unguja lilipotua mkekani, magoti ya mama mkwe hayakutajwa tena kwa wiki mbili.

Wa ndege alikuwa mume wangu. Aliwahi kumsindikiza mkubwa wake wa kazi uwanja wa ndege wa Kamembe, akaona ndege ya viti vichache ikitua, watu watano wakashuka na mifuko mkononi kana kwamba wametoka sokoni. Hakuna foleni, hakuna mtu wa kuwaambia wavue mikanda. Aliporudi alikuwa ameshaamua, na alikuwa na daftari. Kwa basi, alisema, tutakatiza msitu wa Nyungwe saa tano sita mpaka Kigali, kisha mpaka wa Rusumo, kisha Tanzania nzima mchana na usiku, na mama mkwe atafika magoti yakiwa yameganda kabisa. Kwa ndege ya shirika, kila mtu tiketi yake, watu saba. Lakini ukikodi ndege nzima unalipa mara moja! Akachora mstari chini ya "mara moja", akagawa kwa saba. Alichokigawa hakukijua bado. Aliweka x.

Jirani yetu ana mpwa aliyesomea urubani, yuko Kigali. Tukampigia simu jioni, kipaza sauti kikiwa wazi, nyumba nzima imezunguka. Mazungumzo yalikuwa kwa Kiswahili. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini kwetu ndiyo lugha ya kugombana tangu mama mkwe aolewe kutoka Bugarama, ambako Waislamu wamekisema kabla ya sheria yoyote kukitambua.

Kijana yule ana subira, Mungu amzidishie. Alitueleza kwamba kuna ndege za Cessna za aina nyingi. Ile ndogo tuliyoielezea huenda ni 206, yenye viti sita, kimoja cha rubani.

"Vitano vinabaki," akasema mume wangu, akituhesabu kwa kalamu. Tukaanza kutazamana.

"Tena hamuwezi kujaza vitano na mafuta kwa pamoja, mzee. Mkijaza matangi, uzito unaobaki kwa watu na mizigo ni kilo mia tatu na kitu, na humo rubani naye amehesabiwa. Na hiyo hutumia petroli maalumu ya ndege, ambayo ni shida kupatikana kanda hii."

"Ipo kubwa yake?"

Ipo, Caravan. Hiyo hunywa mafuta yaleyale ya ndege kubwa, na sisi saba tungeenea. Kutoka Kigali hadi Unguja ni kilometa 1,100 hivi, karibu saa nne. Mama mkwe, aliyekuwa kimya akichambua maharage, akauliza choo kiko upande gani. Kijana akakohoa. Choo hakipo. Mama mkwe akarudi kwenye maharage yake, na kwa upande wake safari ikawa imekwisha, ila hakutuambia.

Likaja suala la utupu. Kamembe ni uwanja wa safari za ndani, kwa hiyo lazima tupite Kigali kugongewa mihuri. Ndege nayo inakaa Kigali. Itakuja Kamembe tupu kutuchukua, na tutalipia. Ikishatushusha Unguja itarudi tupu, na tutalipia. Siku ya kurudi itatufuata tupu, na tutalipia. Wifi akainyakua simu.

"Mwanangu, yaani tunawalipia majini nauli?"

Bei alituma usiku kwa ujumbe, kwa dola. Sitaitaja, maana mume wangu mpaka leo hupenda kuamini kwamba mimi sikuisoma. Niliisoma. Ilizidi nyumba yetu, kiwanja chake, ng'ombe na ndama aliyekuwa bado tumboni. Lakini mwanamume aliyekwisha kuwaambia wenzake kazini kwamba Agosti haonekani, hawezi kushindwa na hesabu. Alisema bei ile ni ya kuanzia tu, kwamba shemeji yangu aliyeko Ubelgiji ameahidi kuchangia, na kwamba cha muhimu kwa sasa ni kumpelekea kijana orodha ya uzito.

Ndipo nyumba ilipovunjika.

Rubani wa ndege ndogo hutaka uzito wa kila abiria, wa kweli, na nguo na viatu. Si udaku. Uwanja wa Kamembe uko karibu mita 1,590 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi, bawa halipati cha kuegemea na injini haivuti vizuri. Kilo ambazo ndege ingezinyanyua pwani bila kusita, huku juu inabidi baadhi yake zibaki chini. Tena kila abiria hupangiwa kiti kwa uzito wake, ndege isilemee mkia. Mume wangu aliyaelewa yote haya upesi na kwa furaha kubwa, maana hatimaye dunia ilikuwa imemwomba kitu anachokijua. Jumamosi jioni akaja na mizani ya ushirika kwenye pikipiki, ile ya bamba ambayo gunia hulazwa juu yake, akaitega uani.

Watoto walipanda mbio. Kitinda mimba kilo 17, wa kati 38. Binti yetu mkubwa aliomba wavulana wageuke ukutani, akapata 52, akaingia ndani akafunga mlango. Mimi nilipanda nikiwa na uso wa mtu anayekwenda kupiga kura. 78. Mume wangu akaitamka kwa sauti ileile anayowasomea wakulima, jirani akachungulia juu ya ua, na kwa siku tatu nilipika mboga bila chumvi, kwa makusudi.

Mama mkwe alisema watu hawapimwi kama mahindi, kwamba ukipima kitu unamwonyesha mwenye husuda pa kukishika. Tukamshika mkono, akapanda na kikapu chake cha maharage: 44. Tukatoa kikapu, 41. Akasema basi hizo tatu apewe kama haki yake, atabeba maharage hayohayo.

Wifi alikataa katakata. Alisimama mbele ya mizani, mikono kiunoni, akamwambia kaka yake, "Mimi nilizaliwa kabla yako, nikakubeba mgongoni bila kukupima." Akaondoka. Mume wangu, kwa macho ya miaka 11 ya kukadiria magunia, akaandika: 110, na alama ya kuulizia. Yake mwenyewe alijipima asubuhi peke yake, akatuletea 84.

Jumla kilo 420. Mizigo ndiyo ikawa vita ya pili. Ndege za namna hii kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa mtu, tena mfuko laini, maana sehemu ya mizigo ni finyu na mlango wake mdogo. Wifi alikuwa ameshanunua sanduku gumu la magurudumu, jekundu, ambalo tupu tu lilikuwa karibu kilo tano. Ndani alikusudia kuweka mchele wa Bugarama kilo 25 na sambaza, wale dagaa wakavu wa Ziwa Kivu, maana mtu haendi ukweni kwa binamu mikono mitupu. Mume wangu akamwambia apunguze mchele. Wifi akamwambia apunguze tumbo. Mume wangu akasema kama kuna wa kupunguza kitu katika nyumba hii, orodha inajieleza, akagonga daftari kwa kalamu penye ile 110. Wiki nzima salamu zao zilipitia kwangu, mimi nikiwa kama ofisi ya posta, na sikulipwa stempu.

Pesa za shemeji ziliwasili Alhamisi. Zilikuwa za bati la jikoni, na aliandika hivyo waziwazi. Kikundi chetu cha akiba, ikimina, kiliniambia zamu yangu ni Novemba. Hatukuwa na pasi hata moja, wala kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na daftari lilikuwa limefika ukurasa wa 31. Aliyeliua jambo lenyewe ni binamu wa Unguja, wala hakukusudia. Alipiga simu kuuliza tunakuja lini.

"Mwishoni mwa Julai," mume wangu akasema.

"Karibuni sana. Njooni na masweta, huku kipupwe kimepamba. Kusi linavuma usiku kucha, mimi mwenyewe nalala na blanketi."

Nilimtazama mume wangu. Kwenye kurasa 31 alikuwa ameandika mafuta, mihuri, uzito, hata pipi za kuzibua masikio, lakini hakuandika hali ya hewa. Joto la Unguja linakuja na kaskazi, Desemba hadi Machi, wakati ambao siku nyingi watoto wetu wako darasani. Likizo ndefu yao ni Julai na Agosti. Tulitaka kukodi ndege iyapeleke magoti ya mama mkwe kwenye upepo.

Jumamosi iliyofuata mama mkwe aliamka mapema, akavaa viatu, akakaa barabarani na kikapu chake. Hakuaga mtu. Tukamfuata mbio, wifi na sanduku lake jekundu na mchele ndani, ingawa tulikuwa tunakwenda mahali unakolimwa, na sote saba tukabanwa kwenye twegerane moja nyuma ya lori la saruji, mpaka Bugarama. Hakuna aliyeulizwa uzito. Tulipofika chini joto lilitupokea mlangoni kama shangazi. Mama mkwe alivua sweta, akavua soksi, akakaa chini ya mwembe wa mdogo wake akinyoosha miguu, na wale wazee wawili wakaanza kuwasema marehemu.

Mume wangu alikuwa na gari la mpunga la kupokea saa nane, akatuchukua tuone ghala. Tulipokuwa nje tukinywa soda, wifi alibaki ndani. Kitinda mimba, ambaye anajua tarakimu lakini bado hajui kuziunganisha, alitoka mbio akipiga kelele, "Shangazi kapanda! Nane! Tisa!"

Wifi alitoka polepole, taji la ushindi limemkaa. 89. Kisha akamshika kaka yake mkono, mbele ya wakulima na magunia yao, akamrudisha ndani na kumpandisha. Ikaonekana ile 84 ya asubuhi ilikuwa imepunguzwa viatu, simu, funguo, mkanda, na kilo zaidi ambazo alisema ni desturi kuzitoa kwa ajili ya gunia.

Mama mkwe yuko Bugarama mpaka leo, na magoti hajayataja. Bati la jikoni limeezekwa. Jumla ya kweli ilikuwa kilo 406, si 420, kwa hiyo kilo 14 tulizozigombania hazikuwahi kuwapo, na mzito kuliko wote katika nyumba yetu, kilo 91, ni karani wa mizani.