Vinyozi Mia Moja

"Na hiyo namba inakuingia akilini?" aliniuliza yule dada wa kwenye skrini, kwa upole wa kutisha.

Nikamjibu, "Inaingia kabisa."

Namba yenyewe ilikuwa mia moja. Nilikuwa nimetoka kumwambia, bila kupepesa jicho, kwamba Dar es Salaam nzima, kuanzia Bunju mpaka Mbagala, ina vinyozi mia moja. Nilikuwa chumbani kwangu Sinza, dirisha nimelifunga kwa sababu ya kelele, na kelele zenyewe zilitoka kwenye spika ya saluni ya kiume iliyo chini ya dirisha hilo hilo. Ukivuka barabara kuna nyingine. Ubavuni mwa duka la dawa kuna ya tatu, ile iliyochorwa ukutani mwanamuziki wa Marekani asiyefanana na mwanamuziki yeyote. Na kichwa nilichokiweka mbele ya kamera kilikuwa kimenyolewa jioni yake, kikapigwa na taulo la moto, na mmoja wa hao mia.

Juzi tu hii, kwenye usaili wa kazi. Nikilikumbuka lile "kabisa" nafunika uso kwa mto.

Kampuni za ushauri wa biashara zina usaili wa aina yake. Hawakuulizi unachokijua. Wanakupa fumbo, wanakaa pembeni, wanakutazama unavyohangaika. Na fumbo hili la kukisia, pamoja na kunidhalilisha, nalipenda mno. Linahusishwa na Enrico Fermi, yule mwanafizikia Mwitaliano aliyefundisha Chicago, aliyekuwa akiwauliza wanafunzi wake mji huo una mafundi wangapi wa kurekebisha sauti za piano. Hakuna aliyekuwa na orodha, na hakuna aliyeihitaji. Tarehe 16 Julai 1945, bomu la kwanza la atomiki lilipojaribiwa katika jangwa la New Mexico, Fermi alisimama kilomita kama 16 kutoka pale na vipande vya karatasi mkononi. Wimbi la mlipuko lilipomfikia akaviachia, akatazama vilivyosogea, kama mita mbili na nusu, akasema mlipuko huo ni sawa na tani 10,000 za baruti ya TNT. Vipimo vya baadaye vilionyesha ni kama mara mbili ya hapo. Kwa mtu aliyetumia vipande vya karatasi, mimi namvulia kofia.

Siri yake ni kwamba makosa hufutana. Chukua vinyozi. Sensa ya 2022 iliipa Dar watu milioni 5.38. Wanaume weka milioni 2.5 ili hesabu iwe nyepesi. Kila mmoja ananyoa mara mbili kwa mwezi, yaani mara 24 kwa mwaka. Utaniambia wapo wenye rasta, wapo wenye vipara vya Mungu, na watoto wachanga hawapangi foleni saluni. Kweli. Lakini wapo pia mabishoo ambao wiki haipiti bila kuchongwa ndevu. Wale wanapunguza, hawa wanaongeza. Tumepata vichwa milioni 60 kwa mwaka. Kinyozi mmoja ananyoa vichwa 20 kwa siku, siku 300 kwa mwaka: vichwa 6,000. Gawanya. Vinyozi elfu kumi.

Njia yote hiyo niliipita vizuri, kwa sauti, kwa Kiingereza kilichonyooka. Masifuri mawili yakadondoka pale mwishoni, kati ya daftari na mdomo. Kwa hesabu niliyoitetea, kila mwanaume wa Dar angekaa zaidi ya miaka minne kabla zamu yake ya kunyolewa haijafika, yaani kichwa kinasubiri kama Kombe la Dunia.

Lile swali la akilini, nimeambiwa baadaye, ni kamba. Msaili akishakuona unazama anakurushia: hebu jipime. Mtahiniwa mwenye busara anasema, "Ngoja nirudie." Mimi niliitazama ile kamba nikaipungia mkono.

Hapo ndipo jamaa wa chini alipoongeza sauti.

"Hiyo kelele ni ya nini?" akauliza yule dada.

"Saluni."

"Ya kiume?"

"Ya kiume."

Akaandika kitu. Aliandika kwa muda.

Wala si kwamba sikujiandaa. Nyumba nzima ilishanichoka. Nilishajifunza kwamba kila tatizo lazima ulipasue katika mafungu yasiyoingiliana na yasiyoacha kitu nje, kanuni aliyoieneza Barbara Minto, aliyeajiriwa McKinsey mwaka 1963. Nikamuuliza mama kama kuisha kwa gesi ni suala la matumizi au la ugavi. Akanipa mtungi nikajaze. Nikaenda kwa mama ntilie wetu na mti wa faida, wenye matawi mawili tu: ama mapato yameshuka, ama gharama zimepanda. Mama, faida yako inapungulia wapi? "Kwenu mnaokula kwa mkopo," akasema, na tawi hilo kwenye mti wangu halikuwepo.

Sehemu ya usaili iliyohusu tabia ilikuwa fupi. Elezea siku uliyoongoza wenzako penye ugumu. Nikaeleza kamati ya harusi ya binamu yangu: ahadi nyingi, pesa kidogo, ukumbi umeshalipiwa nusu, na bado watu wakala, wakashiba, wakacheza. "Tulifanya hivi, tukafanya vile." Akanikatiza: sawa, lakini wewe binafsi ulifanya nini? Dada yangu, umewahi kukaa kwenye kamati ya harusi? Anayesimama na kusema "hii nimeifanya mimi" haalikwi tena, na shangazi zake wanaambiwa. Tumelelewa hivyo tangu utotoni, kisha mlango wa ajira unafunguka kwa anayejisifu kwa mpangilio: hali, jukumu, hatua, matokeo.

Na hapa utani unaniishia. Wanatuambia mafumbo haya yanapima akili tupu, kwamba huhitaji kuwa na lolote ila kichwa. Si kweli. Yanapima mazoezi, na mazoezi yanauzwa, kwa saa, kwa dola. Mwenye kaka aliyekwisha kuingia anakaa naye jioni kwa jioni. Mimi nilijifunza kwa maswali ya mipira ya gofu mingapi inajaa kwenye Boeing 747, na mpira wa gofu nimeuonea kwenye ukuta wa klabu ya Gymkhana, tena ukipita hewani.

Jibu limekuja leo kwa barua pepe: wanashukuru, wananitakia mema. Nikaandika kuuliza nilipungukiwa wapi, ili mara nyingine nijirekebishe. Wakajibu haraka, lazima niwape haki yao, kwamba kutokana na wingi wa waombaji hawawezi kutoa maelezo kwa mmoja mmoja. Wingi wa kiasi gani, hawakukisia.

Na kampuni hii, msomaji wangu, kazi yake ni kushauri.