Ekstensheni Yetu Tukufu

Watu husifu minara, meli na madaraja. Sijapata kumsikia aliyesimama hadharani akaisifu ekstensheni, ile ya plastiki iliyokuwa nyeupe ikageuka manjano kwa joto, yenye taa nyekundu inayopepesa, iliyolala sakafuni chini ya meza. Dhuluma hiyo naikomesha leo. Nina haki ya kusema, kwa kuwa naishi kwa fadhila zake: natunza seva na mtandao wa taasisi moja iliyo njia ya kwenda Kaole, na kila ninachokitunza kimechomekwa hapo.

Kwanza tazameni cheo chake. Mkongo wa baharini wa EASSy, ulioanza kazi mwaka 2010, una urefu wa kilomita zipatazo 10,000, kutoka Mtunzini kule Afrika Kusini hadi Port Sudan, na Dar es Salaam ni kituo chake kimojawapo. Karibu na fukwe umevikwa nyaya za chuma usije ukakatwa na nanga. Mawasiliano yakishatua Dar yanasafiri nchi kavu hadi kwetu Bagamoyo. Uhandisi wote huo, fedha zote zile za makampuni na mabenki, mwisho wake ni mita mbili za waya zinazopita chini ya zulia la mlangoni. Hizo mita mbili ndizo zinazoamua kama dunia ipo au haipo.

Wala pwani hii si ngeni kwa nyaya. Mwaka 1890 waya wa telegrafu ulilazwa chini ya bahari kuunganisha Unguja, Bagamoyo na Dar es Salaam. Nyaya za baharini za zama zile zilifunikwa kwa gutapacha, utomvu wa miti ya Asia, maji ya chumvi yasipenye. Taabu ya bure. Sisi tunatumia selotepu.

Lakini fadhila yake kuu ni ukarimu, na hapo sina budi kukaa. Ekstensheni haijapata kumwambia mtu kuwa imejaa. Yetu imepokea seva, swichi, ruta, printa, feni ya mhasibu, chaja za simu za watu ambao hata si waajiriwa, na ikifika saa nne asubuhi inapokea birika la chai. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ekstensheni haina jembe. Wachoyo watakuletea hesabu. Watasema plagi halali ya pini tatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13, ambayo kwa umeme wa volti 230 ni kama wati 3,000 na basi, na kwamba birika peke yake linaweza kula 2,000. Ekstensheni yetu haina fyuzi, kwa hiyo hesabu hizo haziihusu. Inapata moto kimyakimya, hasa ule waya uliobaki, uliokunjwa na kufungwa kwa mpira, maana waya uliokunjwa hauna pa kutolea joto. Hailalamiki, inanuka kidogo tu. Na siku ikielemewa, haimtoi mgeni mmoja ikamwacha mwingine. Breka ya ukutani inaruka, wote wanatoka pamoja: birika, feni, seva, na malipo yaliyokuwa katikati ya kuandikwa. Haki ya namna hiyo hamtaiona mahali pengine popote ofisini.

“Kaka, kwani birika si linatumia umeme uleule?” aliniuliza mama wa chai nilipomwomba alihamishe. Nikasema ndiyo mama, uleule. “Basi?” Sikuwa na jibu la kuingia katika ile “basi”.

Ukarimu huo unafika mpaka ukutani. Plagi tuliyorithi kwa Waingereza ina pini ndefu ya juu. Imerefushwa makusudi: ndiyo inayotangulia kuingia, na ikiingia inafungua vijilango vinavyoziba matundu mawili ya chini, kisha ndiyo ya mwisho kutoka. Kazi yake ni kubeba waya wa ethi, ule wa kijani na njano, unaoupeleka umeme uliopotea njia udongoni badala ya kifuani mwa mtu. Ekstensheni yetu imekuja na pini mbili. Je, ilikataliwa? Hasha. Mtu alichukua mfuniko wa kalamu, akausukuma katika tundu la juu, vijilango vikafunguka, mgeni akaingia. Mfuniko bado upo, wa bluu, umelainika kidogo. Nami siku moja niliifungua ekstensheni yenyewe: juu kila soketi ina matundu matatu, ndani nyaya ni mbili. Tundu la tatu haliendi kokote. Limewekwa kwa ajili ya heshima.

Hapa msomaji aniwie radhi. Seva ni sanduku la chuma. Isipokuwa na ethi, bati lake hubeba umeme mdogo, na kila ninapopenyeza mkono nyuma yake kuchomeka waya wa mtandao linanipiga shoti. Si ya kuua. Hitilafu kubwa ikitokea ndani ya lile sanduku itakuwa habari nyingine, na nimeliandika hilo, kwa barua, kwa Kiswahili chepesi. Nikaeleza kwamba mchanga wetu wa pwani ukikauka haupitishi umeme vizuri, ndiyo maana mafundi huizungushia nondo ya ethi mkaa na chumvi. Nondo ya shaba ikanunuliwa, ikachimbiwa vizuri kabisa. Kabla masika hayajaanza ilikuwa imeng'olewa na kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Barua yangu ya pili ilijibiwa kwamba nondo haiwezi kununuliwa tena kwa kuwa leja ya stoo inaonyesha ipo.

Turudi kwenye sifa. Ekstensheni inafundisha unyenyekevu: hata mgeni rasmi huinua mguu akifika mlangoni. Inawalisha panya. Tena inatukinga na wasiwasi wa kimataifa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini na mtandao kudorora Tanzania na kwa majirani, watu walihangaika kutafuta habari. Ofisini kwetu Jumatatu hakuna aliyeshtuka. Waliinama chini ya meza, kama kawaida, wakatikisa waya.

Siku ya uzinduzi wa seva ilikuwa ya furaha. Utepe ulikatwa, picha zikapigwa, mbuzi akaliwa. Ugeni ukapelekwa kwenye magofu ya Kaole, ukaoneshwa msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe ya matumbawe, na wote wakakubaliana kwamba mafundi wa zamani walijua kazi. Kisha wakarudi kwenye soda wakiiruka ekstensheni, mmoja mmoja, wakiwa wameshika suruali.

Bajeti ilikuwa na kabati la chuma la kufungia vifaa, vizito chini, vyepesi juu, na nafasi ya hewa. Kabati lilikuja, lina mafaili ya utumishi. Kiyoyozi cha chumba cha seva kipo kwa mkurugenzi, kwa sababu seva haipokei wageni. Seva yenyewe ipo stoo, baina ya madumu ya rangi na viti vilivyovunjika, dirisha limeelekea baharini, na upepo wa chumvi unaziotesha pini za plagi ukungu wa kijani. Kitabu cha mwongozo wa kuifunga, kinachosema usiguse nyaya wakati wa radi, vua pete na saa, usifanye kazi peke yako, kiligongwa mhuri, kikapewa namba ya mali na kufungiwa kisipotee. Nimekisoma kupitia kioo cha kabati, ukurasa wa jalada.

Fundi umeme mwenye leseni yupo, hapa hapa mjini. Lakini kumwita ni manunuzi, na manunuzi ya taasisi kama yetu sasa hupita NeST, mfumo wa mtandaoni. Ofisa manunuzi hufungua ombi langu, ukurasa unaanza kuzunguka, saa nne inagonga, birika linawashwa.

Mwezi uliopita jibu likatoka. Ombi la ethi, kabati na soketi mpya limekubaliwa kwa sehemu. Nikaenda stoo na barua mkononi, nikamwamkia mzee wa stoo shikamoo, akanipa ekstensheni mpya ndani ya nailoni yake, matundu sita, pini mbili, ya kuchomeka kwenye ile ya kwanza ili ifike mpaka kwa mhasibu. Nikasaini. Akavaa miwani, akaikagua plagi, akaniuliza kama mfuniko wa kalamu ninao au aniandikie.